Siku Mama Alipotokea Mkutanoni

Nina aibu ya asili, hata dukani huwa nasubiri wenzangu wote wahudumiwe kwanza, na aibu hiyo ndiyo iliyonipotezea kitu ambacho mpaka leo nakitafuta.

Nafanya usafi na kupika chai katika ofisi kubwa ya ushirika wa kahawa hapa Mbinga. Mwaka huu alikuja fundi kutoka Songea, kaka Deo, kupanga mafaili na uchapaji. Mafaili yote yakahamia kwenye kompyuta moja kubwa, kila idara na folda yake, na folda moja ikawa ya wote, ya vitu vya muda tu. Mashine za kuchapa nazo zikaunganishwa, ukawa unaweza kukaa chumba hiki karatasi ikatokea kile. Kaka Deo alipomaliza kueleza akauliza, "Nani hajaelewa?" Mimi sikuelewa. Sikunyosha mkono.

Mama alifariki mwaka jana, na Jumapili moja mwaka huu tulipanga misa ya kumwombea. Baba alikwishachongesha fremu. Picha ya mama ilikuwa moja tu, aliyopigwa na mama mdogo kule ziwani, Mbamba Bay, akicheka na kapu la dagaa kichwani (simu yenyewe baadaye ilitumbukia majini, lakini picha alishanitumia). Simu yangu ikajaa, basi nikaiweka picha kwenye folda ya wote, nikaifuta kwenye simu. Niliona ofisini ndiko salama zaidi.

Ijumaa kabla ya misa, wajumbe wa vyama vya msingi wakiwa mkutanoni, nikaketi masjala kuichapa picha, nikabofya mashine ya kwanza kwenye orodha. Kimya. Nikabofya tena. Kimya. Badala ya kuuliza nikaendelea kubofya, kisha nikabeba chupa za chai kwenda ukumbini.

Kumbe mama alikuwa anatokea huko. Dada Konsolata, katibu muhtasi, alizoea kwamba karatasi zinazotoka kwenye mashine ya ukumbini ni za wajumbe, akawa anazigawa bila hata kuzitazama. Nilipofika mlangoni ukumbi ulikuwa umenyamaza, wazee wamevua kofia.

"Ndugu wajumbe, kumbe tuna msiba," mwenyekiti alisema. "Tusimame."

Wakasimama, wakamsalia. Mimi nimesimama na chupa zangu. Walipomaliza, mzee mmoja wa kijiji cha Ukata akainua karatasi yake.

"Huyu si mama Festo? Mbona tulimzika mwaka jana!"

"Basi amerudi kuuliza bei ya kahawa!" mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikaweka chupa chini, nikakimbilia ghalani, nikajificha nyuma ya magunia. Kupitia upenyo wa mlango niliwaona wajumbe wakipanda magari, karatasi mikononi. Ningeweza kutoka na kusema, shikamoo mzee, naomba hiyo, ni mama yangu. Sikutoka.

Nilipotoka jioni, dada Konsolata aliniambia hawakubakiza hata moja. "Yule mzee wa Ukata aliwaambia sura ya marehemu haiachwi sakafuni. Pole, mdogo wangu."

Nikakimbilia kompyuta. Folda ilikuwa tupu.

"Si nilisema kila Ijumaa jioni folda ya wote inasafishwa?" kaka Deo akaniambia, na alipoona uso wangu akajaribu kuitafuta, akaikosa. "Ungeniuliza tu, Festo."

Nilikwenda Ukata. Yule mzee alikuwa amempa karatasi yake mgonjwa mmoja, imchangamshe, na mgonjwa naye amepelekwa kwa watoto wake, kijijini hakuna ajuaye ni wapi. Jumapili baba alishika fremu tupu mbele ya altare, kwa mikono miwili, kama vile ina kitu ndani.

Tangu siku ile nimeapa kuuliza, hata nikitetemeka. Naanza sasa. Wewe wa Mbuji, wewe wa Ruanda yetu ya hapa Mbinga, kama ulikuwa mkutanoni, au umeona ukutani kwa mtu mwanamke anayecheka na kapu la dagaa kichwani, naomba unirudishie. Fremu bado ipo.