Pipa Letu la Kator

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Langu halikuwa debe, lilikuwa pipa, na mapatano yangu na mume wangu yalikuwa hivi: likivuma kabla ya Krismasi, tunafungasha na kurudi Uganda kwa mama yake. Likifika Krismasi na chochote ndani, hata konzi moja, tunakaa Juba mwaka mwingine. Basi. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Na mimi Juba nilikuwa nimeipenda. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilimpenda pia, ila kwa mbali.

Mtu akisikia pipa anafikiri maji. Hapana, hili lilikuwa la mtama, ule ambao watu wa kule wanauita dura. Mume wangu alikuwa fundi wa springi za malori pale Nesitu, kwenye barabara ya Nimule. Kiangazi malori yalipita kama siafu, yakivunja springi kwenye mashimo, naye anapata. Mvua ikishuka, lori lililozama kwenye tope halina haja ya fundi wa springi, lina haja ya jua. Kwa hiyo pesa yetu ya mwaka ilikuja miezi michache tu, ukiichezea hapo hakuna nyingine. Ndiyo maana tulinunua mwaka mzima kwa mkupuo. Januari, mtama ukiwa rahisi, magunia mawili ndani ya pipa, mpaka mdomoni. Maharage kwenye ndoo zenye vifuniko. Chumvi, samaki mkavu, na bamia kavu iliyosagwa, waika, ambayo ukiikoroga kwenye maji ya moto inavutika kama mlenda. Tukitoa kodi ya chumba, kilichobaki ni cha sabuni na cha kanisa.

Pipa lenyewe mume wangu alilileta kutoka Nesitu, akaapa lilikuwa la mafuta ya kula. Nikalisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Ugali wa kwanza ukanuka lori. Nikamtazama. Akasema, "Mama, kula tu. Mimi dizeli nimeila miaka yote na meno yangu haya hapa." Alikuwa na meno machache, lakini tuache hayo.

Shule nilisoma miaka miwili, wa tatu nikabaki nyumbani kumbeba mdogo wangu mgongoni. Hesabu za kalamu si zangu. Lakini sikukuu nazijua. Nikachukua kaa, nikachora mistari nje ya pipa. Wa juu, Pasaka. Chini yake Uhuru, maana watu walikuwa wametoka kupiga kura Januari ile ile na kila mtu alijua uhuru wa Sudan Kusini unakuja Julai. Chini tena, Watakatifu Wote, mwanzo wa Novemba. Na karibu kabisa na ardhi, Krismasi. Ukitaka kujua mtama uko wapi, unagonga kwa kidole kutoka juu ukishuka. Juu panalia bo, bo, bo, halafu ghafla sauti inakufa, pu. Inapokufa, hapo ndipo chakula kilipo. Mume wangu akija kutoka Nesitu alipita kwa pipa kabla hajafika kwangu. Anauliza, "Mama, habari za hapa?" huku anagonga, sikio limeinama kama daktari, na jibu alilosubiri halikuwa langu.

Chumba chetu kilikuwa Kator, si mbali na kanisa kuu, ndani ya ua wa mwanamke mmoja mzee tuliyemwita Habuba, yaani bibi. Ua ulikuwa na vyumba kadhaa, mlango wa chuma, na katikati rakuba, kibanda cha nguzo na nyasi kisicho na kuta, ambapo watu walikaa kutafuta upepo. Kiswahili Habuba alikitoa kwa madereva wa malori waliopanga kwake, kwa hiyo kilikuwa na haraka na hakikuwa na breki. Mimi aliniita "ya bit", maana yake we binti, nami nilikuwa na wajukuu tayari.

Sasa sikilizeni shida ilipoingilia.

Kwetu, ukiwa unakula na mtu akipita, unasema, "Karibu chakula." Naye mtu aliyelelewa vizuri anajibu, "Asante, nimeshiba," hata kama tumbo linampigia kelele. Wewe umepata heshima, yeye kapata heshima, na ugali umebaki. Hiyo ni adabu, na ndani ya hiyo adabu kuna bajeti. Juba nikaenda nayo hivyo hivyo. Siku ya kwanza niliyoketi rakubani na sahani yangu, akapita mwanamke muuza makaa. Nikasema, "Karibu." Akasema, "Ai!" yaani ndiyo. Akatua gunia, akanawa, akaketi, akala. Alikula vizuri pia, akasifu. Kesho yake jirani. Kesho kutwa Habuba mwenyewe. Ugali wa watu wawili ukawa wa watu wanne, na mimi siwezi kunyamaza mtu akipita, mdomo wangu ulilelewa hivyo.

Na Habuba akiweka sinia lake, alipaza sauti, "Fadhal!" Maana yake karibu, njoo ule. Nami, mtoto wa watu, najibu, "Asante Habuba, nimeshiba." Kila siku. Harufu ya samaki wake wa mtoni inaniingia mpaka kwenye magoti, na mimi nimeshiba.

Uhuru ukafika. Sijui niuelezeje. Ngoma toka alfajiri, honi, watu wazima wanalia barabarani wakiwa wamekumbatiana na wasiowajua. Habuba alikuwa amezika wana wawili katika vita vya zamani. Hakucheza. Aliketi rakubani na bendera ndogo mapajani, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Ua ulijaa ndugu waliotoka Khartoum, wengine Kenya, wengine vijijini, na mimi nasema karibu, karibu, karibu, kama saa ya ukutani. Siku hizo sijutii hata leo. Ila wageni walipoondoka nikagonga pipa. Bo. Bo. Nikapita mstari wa Uhuru, bo. Sauti ilikufa kwenye Watakatifu Wote. Mtama wa Novemba tulikuwa tumeufikia Julai. Nikakaa chini, nikamwona mama mkwe wangu mlangoni kwake na ufagio mkononi.

Nikaanza kubana. Mtama, nikawaambia watu wa mashine wasiuchekeche, tule na makapi yake. Maharage nikayapika siku ya Bwana tu. Na kubwa kuliko yote, nikaacha kula rakubani. Nilipika chumbani, mlango nimefunga, ili mtu asipite nikasema karibu. Juba, jua lile, bati lile, jiko ndani! Jasho lilichanganyika na mchuzi, chumvi nikapunguza. Moshi ulitoka dirishani, na Habuba akapiga kelele kutoka nje:

"Ya bit! Iko napika mtu humo ndani?"

Nikafunika chungu.

"Kama napika mtu, mimi nataka paja!"

Wenzake wakacheka. Siku nyingine hakucheka. Alinikuta kwenye kamba ya nguo, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Wewe iko na dharau," akasema.

"Dharau gani, Habuba?"

"Mimi nakuita fadhal. Kila siku. Wewe nasema nimeshiba. Shiba gani hiyo ya kila siku? Wewe iko nyoka, nakula mara moja kwa mwezi?"

"Habuba, kwetu hiyo ni adabu. Mtu akikukaribisha chakula unakataa kwanza."

"Unakataa chakula, adabu?"

"Ndiyo."

"Na ukisema karibu, wewe hutaki mtu akuje?"

Nikaona aibu. Nikasema, "Nataka. Lakini najua hatakuja."

Halafu alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba, na nguo zangu mbili zikaanguka mchangani. "Basi huko kwenu watu nakufa na njaa na adabu!" Akainama, akakung'uta nguo zangu yeye mwenyewe, na huku anakung'uta akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Mtu anayekuja kula kwako, amekwambia kwamba chungu chake pia kiko wazi. Leo kwako, kesho kwake. Yule muuza makaa mara ngapi amekuita? Mara nyingi. Nami mara zote nimeshiba. Watu wa ua walikuwa wamekwisha amua kwamba mama wa Uganda anaona chakula chao kichafu, ila ni mkarimu, hawaelewi.

Jioni ile akapaza sauti, "Fadhal!" Nikafungua mlango, nikanawa, nikaketi. Walisogea tu. Samaki yule, jamani. Bado nipo naye.

Basi ndivyo pipa lilivyopona. Nilikula kwa watu siku mbili, watu wakala kwangu moja, na siku hiyo moja nilisonga ugali mkubwa bila kuugua moyoni. Krismasi mume wangu akaja, akagonga. Bo, bo, bo, akapiga magoti, bo, na pale chini kabisa, pu. Akafungua kifuniko kuhakikisha, akaingiza mkono mpaka begani.

"Mama, umeiba mtama wa nani?"

"Nimeshiba kwa watu," nikamwambia.

Akakuna kichwa. Mapatano ni mapatano. Tukabaki.

Mwaka uliofuata wakatandika lami barabara ya Nimule. Kila mtu alifurahi isipokuwa mume wangu. Alisimama Nesitu anatazama malori yanateleza bila kuvunja kitu, uso kama wa mtu aliyefiwa. "Barabara nzuri hii," alisema, "imetumaliza." Magunia mawili yakawa moja na nusu. Pipa likaanza mwaka kutoka Pasaka badala ya mdomoni, na bado lilifika. Mwaka wa tatu tukafanya vile vile, na Desemba sauti ilikuwa inafia juu ya mstari wa Krismasi, juu! Nilikuwa na kiburi, nikaanza kumtumia mume wangu salamu kupitia kwa madereva: mwambieni fundi asifungashe.

Ndipo risasi zikaanza. Watu wa serikali moja walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mji ukawageukia watu kwa makabila yao. Barabara ikafungwa, mume wangu akakwama Nesitu, sikujua kama yu hai. Habuba alifunga mlango wa chuma, lakini kila ulipogongwa aliufungua. Waliingia majirani, waliingia watu nisiowajua, wenye watoto, wengine miguu mitupu. Wengine walikuwa wa makabila yaliyokuwa yanawindana huko nje. Habuba hakumuuliza mtu kabila lake. Alimuuliza kama amenawa mikono.

Masinia ya ua yalikwisha haraka. Mimi nilikuwa chumbani, mkono juu ya kifuniko cha pipa. Nisiseme uongo, nilisimama pale. Mistari yangu ya kaa niliiona yote. Kisha nje nikasikia mtu anapita mlangoni kwangu, hatua za mtu mchovu tu, na mdomo wangu, ule uliolelewa vile, ukasema, "Karibu chakula."

Mashine za kusaga zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo tulichemsha mtama mzima mzima, balila, na chumvi. Mwanzo niliuteka kwa bakuli. Halafu kwa mkono. Halafu tukaliinamisha pipa, na bakuli likakwaruza chini, krr, nami nikajua kwamba hapo nimeaga Juba. Krismasi ilikuwa bado.

Mume wangu alifika na lori la kwanza lililoruhusiwa kupita, vumbi mpaka kwenye kope. Alinishika mabega, akanitazama, halafu, mazoea ni mazoea, akagonga pipa. Bo, toka juu mpaka chini. Akalipiga kwa mguu. Bo.

"Nani alikula?"

"Tulikula."

Habuba alikuwa mlangoni. "Muzee," akasema, "pipa ndiyo kalas, kwisha. Mtu hapa hakuna hata mmoja kalas."

Mume wangu akainamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, "Mama, mapatano." Nikafungasha. Waganda wengi waliondoka wiki ile, mabasi yalijaa, na mpaka leo sijui kama tulitolewa na vita au na pipa. Yeye alisema pipa. Hakuwa mtu wa kusema anaogopa. Pipa lenyewe nilimwachia Habuba, nikamwambia aweke maji. "Maji gani?" akasema. "Nitaweka dura."

Kwa mama mkwe chakula kilikuwepo, siwezi kulalamika. Mihogo, karanga, kila mtu na sahani yake, na jirani akipita ameshiba. Nilikula na kuacha. Nilikumbuka sinia, mikono mingi, kelele za Habuba, hata lile joto.

Miaka ikapita, vita vikarudi Juba, na watu wakavuka mpaka kwa miguu. Mchana mmoja tunakula nje, mimi na mama mkwe, nikaona mwanamke amesimama kwenye ua wa miti na fimbo na kifurushi, mwembamba kama uzi. Alikuwa ameulizia njia nzima kwa madereva, fundi wa springi mwenye mke wa pipa. Sikumtambua mpaka aliposema, "Ya bit."

"Habuba! Karibu! Karibu chakula!"

Akanyoosha kitambaa chake kichwani, midomo imekauka mpaka imepasuka, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Asante. Nimeshiba."

Mama mkwe akafurahi. "Huyu amelelewa," akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeshika jagi tayari. Nikamshika mikono nikaimwagia maji kwa nguvu. "Shiba gani hiyo, wewe nyoka?" Naye akacheka, akaketi, akala mpaka sahani yangu, halafu ya mama mkwe.

Aliposhiba kweli nikamuuliza, "Pipa letu liko wapi?"

"Iko pale pale. Dura iko ndani kidogo. Kifuniko sikuweka."

"Hukufunika?" mama mkwe akashtuka. "Panya watakula!"

Habuba akalamba kidole. "Panya pia," akasema, "fadhal."