Do ya Mashine ya Muhogo

Kambi yetu ya muziki ilikuwa na sauti nne, kama kambi zote za Kilutheri: soprano, alto, tenor na besi. Ya tano ilitoka upande wa pili wa ukuta. Hiyo ilikuwa ya mashine ya kusaga muhogo.

Wiki ile ya likizo kubwa tulilala kwenye vyumba vya madarasa nyuma ya kanisa, pembeni mwa eneo la viwanda, mahali ambapo kiangazi kina vumbi la namna mbili: jekundu la barabara na jeupe la unga. Kabla jua halijakolea sote tulikuwa na mvi. Tuliamka tukiimba, tukapiga mswaki tukiimba, tukapanga foleni ya uji tukiimba, na aliyetaka sukari aliiomba kwa sauti nne pamoja na wenzake watatu, la sivyo alikunywa uji mkavu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilitoka mtaa wa Kanyosha na godoro jembamba, sahani moja na furaha iliyonifanya nisahau kula maharage.

Shida ilikuwa sauti yangu.

Siku ya kwanza mwalimu alitupima mmoja mmoja. Alikuwa ametoka Bukoba kuja kutufundisha, na Kiswahili chake kilichojaa “tafadhali” na “naomba” kilitufanya tutazamane na kuminya vicheko. Filimbi yake ndogo ya kutafutia sauti ilikuwa imesahaulika kwenye basi, nayo ikaendelea na safari zake bila yeye. Akainamisha kichwa, akasikiliza ukuta.

“Mnasikia?” akauliza. “Hiyo mashine ina sauti moja tu, nayo haiyumbi. Basi, hiyo ndiyo do yetu, noti yetu ya kuanzia.”

Tukacheka. Hakuwa anatania. Tangu saa ile kila wimbo ulianza hivyo hivyo: mwalimu aliinua mikono, akatega sikio ukutani, nasi tukaichota do kutoka kwenye ule mngurumo kama mtu anayechota maji mtungini.

Zamu yangu ilipofika aliniambia nipande. Nilipanda ngazi mbili za sauti, ya tatu ikanikwamia kama mfupa wa samaki. Akaniambia nishuke. Nikashuka. Nikashuka tena. Nikawapita alto, nikawafikia tenor, nikaendelea kidogo kwa udadisi tu, hadi vijana wa besi wakasimama na kunipigia makofi.

“We, iyo sauti umeiba kwa papa yako?” mmoja akaniuliza. “Umurudishie. Leo nyumbani ataongea na nini?”

Mwalimu ndiye aliyefurahi kuliko wote. “Huyu binti ni tenor,” akasema. “Tena tenor safi. Akae kule.”

“Kule” kulikuwa upande wa kulia, kwenye mabenchi ya wavulana. Mama mlezi wetu akainuka. Siku za kawaida huyu mama aliuza vitenge mtaa wa Asiatique. Alikuja mjini kutoka Uvira zamani, na wiki ile sisi wasichana tulikuwa chini ya jicho lake usiku na mchana.

“Apana, mwalimu. Binti kwa benchi ya vijana? Mi nitaambia bamama zao nini?”

“Mama, tafadhali, ni suala la sauti tu.”

“Sauti aikae peke yake, mwalimu. Inakaa ndani ya mutu. Na mutu anakaa kwa benchi.”

Mwalimu akatazama mabenchi, akatazama mlango. Wakaafikiana kwamba nitafanya mazoezi nikiwa nimesimama mlangoni, na kwamba nijaribu kuipandisha sauti hadi kwa alto. Nisipoweza kufikia Jumamosi, basi Jumapili, siku ya kufunga kambi, nitavaa utepe wa kijani na kukaribisha wageni. Mkaribishaji haimbi. Anatabasamu tu na kuonyesha viti.

Mimi nilitaka kuimba Jumapili ile kuliko nilivyotaka kukua.

Basi nikaimba mlangoni. Huwezi kukaa na huzuni mahali penye vijana arobaini wanaogombania fa. Na mashine ilituharibu sote kwa raha. Umeme ulipokatika, nao ulikatika kila siku, mashine haikunyamaza ghafla. Iliteremka polepole, uuuuuuu, kama bibi anayeketi kwenye mkeka. Nasi tuliokuwa tumeiegemea tuliteremka nayo, soprano, alto, tenor, besi, sifa zote za Mungu zikiporomoka kwa pamoja hadi chini kabisa, mpaka tukaishia kwenye mkoromo na vicheko.

“Msiifuate!” mwalimu alipiga kelele. “Jamani, ninyi si mashine!”

Kutoka ng'ambo ya ukuta ilisikika sauti ya mwenye mashine, ambaye umeme aliuita kuran. “Kuran imeenda!”

Sisi tukajibu kwa mpigo, “Pole, Hajji!”

Ikawa desturi. Yeye alikuwa mzee Mwislamu ambaye ukoo wake ulikaa mtaa ule kabla ya maghala na viwanda. Siku moja alituletea kikapu cha unga wa ugali, akasimama getini akijipangusa nyusi.

“Mwalimu, iyi kelele yangu aiwasumbue?”

“Hata kidogo, mzee. Wewe ndiye kinanda chetu.”

Hajji akacheka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alidhani ni adabu ya watu wa Bukoba.

Jumamosi nilijaribu alto mbele ya wote. Nilitoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu. Hata mimi nilicheka, ingawa macho yaliniwasha. Mama mlezi akanifunga utepe wa kijani begani, akaulainisha kwa kiganja, akaninong'oneza, “Ukona meno mazuri, mutoto wangu. Utakaribisha vizuri.”

Jumapili kanisa lilijaa. Wazazi walikuja na wadogo zetu waliopakwa mafuta hadi wakang'aa, na mimi nikasimama mlangoni nikionyesha viti na meno. Mara akafika Hajji, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, viatu visivyo na chembe ya unga.

“Karibu sana, Hajji. Mbele kuna nafasi.”

“Asante, binti yangu. Unasikia namna kumetulia?” Akaniinamia kwa fahari. “Nimeizima mashini. Saa nzima. Mi siwezi kuwaharibia siku kubwa kama iyi.”

Akaenda kuketi mstari wa mbele. Bila mashine hatukuwa na do.

Nikamwashiria mwalimu. Nikamwonyesha ukuta, sikio, ukuta tena. Akadhani namtakia heri, akanipungia mkono. Kwaya ikasimama, wasichana kushoto, wavulana kulia, njia ya wageni katikati. Mwalimu akainua mikono, akainamisha kichwa kuelekea ukutani, akangoja.

Nje jogoo aliwika. Hapakuwa na kingine.

Akangoja tena. Niliona shingo yake ikilowa. Mwisho akatoa do kutoka kichwani mwake, na kwa hofu ikatoka juu mno. Soprano wakaikimbilia, wakafika mstari wa pili wakiwa wanalia kama milango. Tenor walikuwa na do yao, besi hawakuwa na yoyote. Mwalimu akakunja ngumi, wimbo ukakatika, na mtoto mmoja kwenye mapaja ya mama yake akapiga makofi.

Hajji alikuwa anageuka huku na huku. “Ni nini? Banangoja nini?”

Mimi nilijua wanangoja nini. Wiki nzima nilikuwa nimesimama mlangoni, karibu na ule ukuta kuliko mtu yeyote, na mngurumo ule ulikuwa umeingia kwenye meno yangu. Nikafumba midomo. Nikaitafuta do pale chini, mahali ambapo wasichana hawafiki. Nikaiwasha.

Mmmmmmmm.

Vichwa vyote vya kwaya vikageuka kama alizeti. Mwalimu hakugeuka. Alifumba macho, akainua mikono, nao wakaingia, sauti nne juu ya yangu, pana na safi, na mimi nikiwa chini yao nimeshika jengo zima kwa midomo iliyofumbwa. Hajji akajipiga paja. “Mashini yangu iyo!”

Ningependa kusema niliishika hadi amina. Lakini mashine haina mapafu, na mimi nilikuwa nataka kucheka. Kwenye ubeti wa tatu pumzi ikaniishia. Sauti ikaanza kuteremka, uuuuuuu, na kwaya, kwa mazoea tu, ikaniamini. Tukateremka sote pamoja, mbele ya wazazi na mchungaji, polepole, kwa utii, hadi chini kabisa.

Kisha Hajji, naye kwa mazoea, akaruka kutoka kitini.

“Kuran imeenda!”

Na kwaya nzima, mwalimu akiwemo, ikaitikia, “Pole, Hajji!”

Kanisa likapasuka. Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Mama mlezi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alipoweza kupumua aliinuka, akachukua kigoda cha watoto wa mbele, akakitua katikati ya njia, kati ya wasichana na wavulana.

“Benchi ya vijana, apana,” akatangaza. “Ya mabinti, sauti yake imekataa. Kigoda, iko ya nani? Ya Mungu. Kuja, mutoto. Na uvute pumzi ya kutosha.”

Nikapita katikati ya wageni niliowakaribisha mwenyewe, utepe ukinipiga gotini. Sikukaa, waimbaji husimama. Nilipanda juu ya kigoda, tenor mkono wangu wa kulia, alto mkono wangu wa kushoto, na Hajji akanitazama kama mtu anayesubiri mashine yake iwake. Nikawapa do. Ilipowakolea, niliifumbua midomo na, kwa mara ya kwanza Jumapili ile, nikaimba maneno.