Mwizi wa Karatasi za Choo

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja tu, wa kufungafunga. Akipita penye mlango lazima avute kitasa aone kama umefungwa, hata kama mlango si wake. Kaka yangu yuko naye mwaka wa ishirini sasa na anaapa hajawahi kuliona kopo la sukari la nyumbani kwao likiwa tupu. Kazini tunamwita Komeo, na anaitika vizuri tu. Ni mtunza stoo wa ghala la vifaa vya usafi: sabuni, mifagio, mabeseni, karatasi za choo. Mimi ni dereva wa foklifti humo humo. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na haipiti wiki hajanikumbusha.

Kwa miaka ishirini na miwili ghala lilikaa kichwani mwake. Ukimuuliza mabeseni yamebaki mangapi, anafumba jicho moja, anajibu, nenda kahesabu ukipenda. Hajawahi kukosea, wala sijawahi kumwona akimrudisha mteja mikono mitupu. Basi bosi, aliyerithi ghala hili kwa mama yake, akaleta mfumo. Getini kuna skana inayosoma kila katoni inayoingia. Rafuni kuna skana nyingine inayosoma kila katoni inayopangwa. Rafu ikipungua, kompyuta yenyewe inaagiza kiwandani na lori linapakiwa, hakuna aliyeinua simu. Fundi wa mfumo akaja na kompyuta yake na mafua yasiyosikia dawa, akawekewa meza karibu na mlango mkubwa.

Wiki ya tatu kompyuta ikatoa ripoti yenye mstari mwekundu. Kati ya geti na rafu, mzigo unapotea. Katoni moja katika kila kumi inaingia getini na rafuni haifiki.

Bosi akamwita Komeo mbele yetu sote. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, mashine haina chuki na mtu," akasema. "Ijumaa ijayo saa kumi mzigo uwe umeonekana. Usipoonekana, utaniachia funguo."

Ninyi mnaweza kudhani wifi yangu alilia. Alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua nyanya.

"Siku za mwizi ni arobaini," akasema. "Nikimkamata simpeleki popote. Atahesabu huo mzigo wote aliouiba, katoni kwa katoni, kwa sauti, na sisi tumekaa tunamtazama."

Wiki hiyo tulikiona cha moto. Alipekua mifuko yetu tukiingia na tukitoka. Alifungua kiti cha foklifti yangu akatazama ndani, mimi wifi yake, damu ya mumewe. Dereva wa lori alikuwa na tumbo lililomtia Komeo mashaka, akaamriwa avue koti. Akavua, tumbo likabaki pale pale. Wapakiaji wawili walicheka mpaka wakakalia sakafu, na Komeo akawaandika kwenye daftari lake chini ya kichwa "Wanaocheka".

Mzigo ukazidi kupotea. Moja katika kumi ikawa mbili, ikawa tatu, ikawa nusu. Kompyuta nayo, ikiona rafu hazijai, ikazidi kuagiza. Lori lililokuwa linakuja mara moja kwa wiki likaja kila baada ya siku moja, kisha kila siku. Nikimaliza kushusha hili, lile linapiga honi getini. Na katikati ya vurugu hiyo namwona wifi anasukuma mkokoteni uliofunikwa turubai, anaelekea nyuma.

"Wifi, wapi huko?"

"Naweka vitu mahali salama. Huoni kuna mwizi?"

Nikaona ana akili, nikaendelea na kazi. Sijisifu, lakini nilipita darasani.

Ijumaa saa nne asubuhi ghala lilikuwa limejaa hadi njia. Bosi alikuwa amesimama na kalamu na karatasi ya ripoti ya mwisho: katoni mia mbili na kumi na nne hazijulikani zilipo. Mimi narudi kinyumenyume na mzigo wa sabuni, natafuta pa kugeuzia, nikagusa mlango wa chumba cha nyuma, kile cha pampu mbovu ambacho ufunguo wake anao Komeo peke yake. Nimesema kugusa. Mlango ulikuwa umeegemewa kutoka ndani, ukang'oka na bawaba zake ukalala chini.

Zikatoka. Kwanza katoni moja ya karatasi za choo, ikapasuka, rola zikabingirika kila upande kama vifaranga. Kisha mabeseni yakiteleza juu ya mabeseni, sabuni, mifagio, tena karatasi za choo. Rola moja ilikwenda ikijikunjua sakafuni mpaka ikagota kwenye kiatu cha bosi.

"Hayo siyo yaliyopotea," Komeo akasema. "Hiyo ni akiba."

Fundi wa mfumo akapenga kamasi, akauliza kwa upole, "Mama, akiba hiyo uliiskani?"

"Akiba haiskaniwi. Ikishaandikwa tu watu wanaimaliza."

Kisha nikamwona Komeo anaanza kuelewa mwenyewe. Alitazama chumba, akatazama karatasi ya bosi, akatazama chumba tena. Mashine ilikuwa inaagiza kwa sababu mzigo haupo, naye alikuwa anauficha kwa sababu mwizi yupo, na kila mmoja alikuwa anamtia mwenzake kiwewe. Taratibu akakaa juu ya katoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mpakiaji mmoja, tukalipuka kwa kicheko. Bosi hakucheka.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu enzi za mama yako. Kiwanda kilikaa kimya wiki tatu, rafu zikabaki mbao tupu. Nilimkuta analia pale mezani, akafuta macho haraka nisione. Toka siku hiyo kila katoni kumi, moja naipeleka nyuma. Mlipokuja kuhesabu ili mashine ianze, nilitoa zote nikazipanga rafuni, maana mlisema zote. Lakini chumba kikiwa kitupu usingizi hauji. Nikaanza upya." Akapapasa katoni aliyoikalia. "Akiba haiozi, bosi."

Bosi akatazama karatasi yake. "Nakusikia. Lakini bado sijui kama yote yamo humo."

Wifi yangu akasimama. Akafuta sketi, akaifudikiza ile ndoo, akapanda.

"Nilisema mwizi atahesabu kwa sauti," akasema. "Kaeni."

Tukakaa. Mimi nainua, fundi anaskani, mashine inalia ti, yeye anahesabu. Kufika hamsini wapakiaji walikuwa wanahesabu naye. Kufika mia dereva wa lori mwenye tumbo alikuwa anapiga beseni kama ngoma na bosi anahimiza kwa kichwa bila kujijua. Sijawahi kufurahi kazini kiasi kile. Mbavu zilikuwa zinaniuma na moyo unanidunda, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda na funguo bado ziko kiunoni mwake.

Katoni mia mbili na kumi na tatu nzima. Ya mwisho ni ile iliyopasuka, yenye rola arobaini na nane. Tukaziokota chini ya rafu, chini ya foklifti, ndani ya viatu vya watu. Arobaini na saba.

Tukatafuta tena. Saa kumi kasoro dakika tano, mstari mwekundu bado uko kwenye kioo. Mkono wa Komeo ulikwenda kiunoni, akaanza kufungua pete ya funguo.

Fundi wa mfumo akapiga chafya.

Tukageuka sote. Alikuwa na rola mapajani, imeliwa nusu.

"Ilikuja yenyewe mpaka mezani," akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilidhani ni ya ofisi."

"Irudishe kwenye katoni yake, uiskani," bosi akasema.

Ti. Mstari ukawa kijani. Bosi akarudisha kalamu mfukoni na kumwambia fundi, "Ongeza rafu moja humo ndani. Iite Akiba. Moja kwa kila kumi." Akamgeukia Komeo. "Na hiyo utaiskani, mama."

"Nitaiskani."

"Na mwizi tumfanye nini?"

Wifi yangu alishuka kwenye ndoo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Ameshahesabu," akasema. "Mwacheni aende nyumbani."

Akachukua mkoba wake, akaufungua mwenyewe, akatuonyesha ndani mmoja mmoja. Kisha akapita penye ule mlango uliolala sakafuni, akainama, akavuta kitasa.