Siku Maji ya Memsabu Yalipopotelea Njiani

Nilikuja Eldoret kung'oa visiki. Mji wenyewe watu wengi bado waliuita Sisibo, na shamba nililoandikwa lilikuwa upande wa Kiplombe. Ukame ulipoingia na Mto Sosiani ukaanza kuanika mawe yake, wazungu wakataka mtu wa kugawa maji ya mfereji. Walinichagua mimi kwa sababu sikuwa na ng'ombe wala bustani ya maana, kwa hiyo, walisema, sikuwa na sababu ya kuiba. Nikawa nyapara wa maji, mwenye jembe na funguo mbili za milango ya mfereji, mmoja wa Kaburu na mmoja wa Memsabu.

Mfereji ulitoka mtoni, ukapita kwanza kwa Kaburu, mtu mnene aliyefuga ng'ombe na kulima viazi. Kutoka hapo ulishuka kwa Memsabu, mjane Mwingereza mwenye miti ya matunda na maua ya waridi aliyoyapenda kuliko watu. Kilichobaki kilitufikia sisi vibarua na kabichi zetu. Mwanzo wa wiki maji yalikuwa ya Kaburu, kuanzia Alhamisi ni ya Memsabu, na Jumapili ni yetu, kama yalikuwepo.

Shida ni kwamba Kaburu alikataa kusema Kiingereza, ingawa nadhani alikijua. Memsabu naye hakujua neno hata moja la Kikaburu. Lugha pekee waliyokutania ni Kiswahili, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuagizia kuni. Tena hawakusemezana moja kwa moja. Walisimama kila mmoja upande wake wa mfereji, mimi katikati, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu.

"Ambia hiyo mutu," Memsabu alikuwa akisema, "yeye iko mwizi ya maji."

Nami nilimgeukia Kaburu. "Bwana, Memsabu anakusalimu, na anauliza kama jana mlango ulichelewa kidogo kufungwa."

"Ambia yeye," Kaburu alijibu, "maua hapana chakula."

"Memsabu, Bwana anasema maua yako ni mazuri, ila na viazi pia vina kiu."

Wote wawili walikuwa wamesikia kila kitu. Lakini walingoja mpaka nimalize, kisha wakaitikia kwa vichwa kana kwamba sasa ndipo wameelewa. Miezi miwili tuliishi hivyo bila mtu kupigwa.

Ijumaa moja asubuhi nilifungua mlango wa Memsabu kama kawaida, maji yakateremka. Nilikata njia ya mkato, na nilipofika kwa Memsabu nilimkuta amesimama mbele ya mfereji mkavu, mwavuli umekunjwa, ameushika kama rungu. Maji hayakuwa yamefika. Kaburu aliitwa, akaja akiapa kwamba hajagusa tone. Kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo: tufuate mfereji kwa miguu, tumkamate mwizi. Nilitangulia na jembe langu, nikijiona askari kabisa.

Kwenye kona ya miti ya miwati tulisikia nyimbo.

Ukingo wa mfereji ulikuwa umekatwa vizuri sana, kazi ya watu wanaojua jembe, na maji yote ya Memsabu yalikuwa yameingia katika shimo jipya lenye ukubwa wa chumba. Kando yake walisimama waumini wa kanisa letu la vibarua. Mhubiri, aliyekuwa akizunguka mashamba na ambaye zamu yetu kwake ilikuwa Ijumaa, alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Na mbele yake, amevaa kanzu nyeupe, macho amefumba, akingoja kubatizwa, alisimama mama mkwe wangu.

Kwetu sisi tuliotoka magharibi ya nchi, mkwe wako humkaribii. Humwangalii usoni, wala humwiti. Ukimkuta njiani unaingia kichakani. Mimi nilitupa jembe, nikageuka nikaukumbatia mti wa mwati, uso kwenye gome.

"Nyapara!" Memsabu alifoka. "Toa hiyo mama!"

"Siwezi, Memsabu. Huyo ni mama wa bibi yangu."

"Basi sema na yeye!"

"Hata kusema siwezi."

Halafu nikasikia viatu vya Memsabu vikishuka ukingoni. "Wewe sema mimi," aliniambia kwa sauti ya uchovu. "Mimi nasema yeye."

Basi nikauambia mti: "Mwambie mama, kwa heshima, kwamba maji haya leo ni ya wengine."

"Mama," Memsabu alisema, "mutoto yako nasema toka kwa maji."

"Mwambie," mama mkwe alijibu kwa sauti kubwa, "nimefunga siku tatu kwa ajili ya maji haya. Nikitoka, nitatoka nimeokoka."

Memsabu alianza kunipa jibu hilo, lakini Kaburu akamkatiza. Nilichungulia kidogo. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. Alikuwa mtu wa Biblia, yule.

"Hapana simamisha kazi ya Mungu," alisema. Kisha akamwangalia Memsabu machoni, si mimi. "Jumatatu wewe chukua maji yangu. Muda ya saa moja."

"Saa mbili," Memsabu alisema.

"Saa moja na nusu."

Mama mkwe akazamishwa, akaibuka akipiga vigelegele, na wote wakauziba ukingo pamoja, isipokuwa mimi niliyebaki na mti wangu mpaka mama mkwe akaondoka. Jioni mke wangu aliniletea malalamiko ya mama yake. Ubatizo ulikuwa mzuri, alisema, lakini ni mkwe gani anayemtumia mama mgeni wa kizungu bila hata kuandaa chai?

Mvua ilirudi, mfereji ukajaa mpaka ukapasuka, nami nikarudishwa kwenye visiki. Kaburu na Memsabu hawakuwa tena na la kugombania, wakaacha kukutana. Wiki kadhaa zikapita hivyo. Kisha siku moja Memsabu akanijia shambani, akasimama akikwaruza matope kwenye kiatu.

"Nenda kwa ile mutu," alisema. "Uliza yeye kama ng'ombe yake iko mzima."

Nilienda.