Wanafunzi Arobaini na Mmoja Walionyamaza

Mama Takwimu hakai kitako. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, na kwa miaka ishirini na miwili ya kufundisha takwimu chuo kikuu amelizoea kuliko la kuzaliwa. Darasani alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, chaki mkononi, akisoma nyuso: huyu kaelewa, huyu kapotea, yule kaja kusinzia. Kabla ya yote aliita majina, na aliyekuwapo alijibu, "Nipo!" Anayejibu kwa kunong'ona alijibishwa mara ya pili.

Muhula huu chuo kikaamua somo lake lihamie mtandaoni ili walio kazini nao wapate kusoma. Walimu wakagawiwa waraka: mwalimu atatengeneza kurasa za kila wiki, atajibu kila swali ndani ya siku mbili, na Ijumaa ya wiki ya pili, kabla ya saa sita mchana, atapeleka orodha ya wasioshiriki ili wafutwe. Kulikuwa na mafunzo ya siku mbili pia. Mama Takwimu alikaa saa moja, akamwona dada wa kompyuta anaeleza namna ya kushika kipanya, akabeba mkoba wake. "Mimi nifundishwe kubofya? Thubutu!"

Kazi aliifanya, tusimsingizie. Alijirekodi chumbani, pazia likiwa ndiyo ubao wake. Mumewe ni fundi saa, na saa za wateja zilizotundikwa sebuleni zikagonga zote kwa pamoja katikati ya somo la wastani. Akarudia. Zikagonga tena. Zoezi la kwanza alilifanya jepesi kuliko yote: mwanafunzi aandike neno moja tu, "Nipo."

Hakuandika mtu.

Wanafunzi arobaini na mmoja, kimya! Siku ya tatu aliweka tangazo la upole. Siku ya tano la ukali. Siku ya tisa aliandika, "Uvivu wenu umenifika hapa," na ya kumi na moja, "Asiyejibu ajue kaniaga mwenyewe." Nyumbani hakukukalika. Anafungua kompyuta, anaifunga, anakwenda jikoni, anasahau alichofuata, anarudi. Chai inapoa, anaipasha moto, inapoa tena.

Ijumaa asubuhi orodha ilikuwa tayari, lakini jina la kumi na saba lilimzuia asiitume. Lilikuwa la muuguzi mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake darasani, mama wa watoto wawili. Alibakiza somo hili moja tu ahitimu, na hospitali ilikuwa imeshamwambia kwamba asipohitimu mwaka huu, ukuu wa wodi atapewa mwingine.

"Si ndiye yule aliyekuwa anakuja darasani na mvua, viatu mkononi?" aliuliza mumewe alipotajiwa jina hilo, bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza.

"Ndiye."

"Leo neno moja limemshinda?"

"Unaniuliza mimi?"

"Mke wangu, mimi saa ikisimama siilaumu. Naangalia kwanza kama niliitia ufunguo."

"Saa zako na wanafunzi wangu, wapi na wapi!" Alisema hivyo, lakini neno lilishamkaa rohoni. Saa tano kasoro robo alikuwa chuoni, amesimama mbele ya dada wa kompyuta yule yule.

"Hebu tutazame wanavyoona wanafunzi," dada alisema, akabonyeza mahali. Ukatokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: Kozi hii bado haijafunguliwa na mwalimu.

"Haijafunguliwa vipi? Mimi naiona kila siku!"

"Wewe unaiona kwa sababu ni yako, Mwalimu. Kuna kitufe cha kufungua, kile pale juu. Tulikieleza siku ya pili."

Nyani haoni kundule, jamani. Wiki mbili mtu anafokea watu aliowafungia nje mwenyewe! Mama Takwimu alikivamia kitufe.

"Subiri, Mwalimu, kwanza tuondoe yale mata..."

Alikuwa ameshabonyeza. Masomo, zoezi, na matangazo yote, ya upole na ya matusi nusu, yakawafikia watu arobaini na mmoja kwa mpigo.

"Na hiki kibahasha chenye namba nyekundu, hukifungui?" dada aliuliza taratibu.

"Si matangazo ya chuo?"

Zilikuwa barua sitini na tatu za wanafunzi. Tisa zilikuwa za muuguzi, na ya mwisho aliiandika asubuhi ile: "Mwalimu, nimekuandikia mara nane. Nimeelewa. Nimejiondoa leo. Asante kwa yote."

"Mrudishe!"

"Siwezi. Aliyejiondoa hujirudisha mwenyewe, mwisho saa sita."

Saa tano na dakika kumi. Simu ya muuguzi iliita hadi ikakatika. Hospitali iko ng'ambo ya barabara, na Mama Takwimu aliivuka mbio mbio, mkoba wazi, roho juu, akapanda ngazi, akapotea wodi, akashuka, akapanda tena. Akamkuta kwenye korido, kashika sinia la dawa.

"Shikamoo, Mwalimu. Unaumwa?"

"Marahaba. Mlango niliufunga mimi, mwanangu. Sikujua. Kosa ni langu peke yangu. Toa simu ujirudishe, saa sita inaingia!"

Muuguzi aliweka sinia chini. "Nilidhani umetuchoka."

"Na mimi nilidhani mmenichoka."

Akajirudisha saa tano na dakika arobaini na saba. Kozi ilipofunguka, akasoma kwa sauti, polepole: "Uvivu wenu umenifika hapa."

"Usisome hayo."

"Nimeshasoma." Akateremka hadi kwenye zoezi, akaandika. Simu ya Mama Takwimu ikatetemeka mkobani: Nipo.

"Na wewe, Mwalimu?" aliuliza muuguzi, bila ukali. "Wiki mbili hizi, ulikuwepo?"

Mama Takwimu alitoa simu mkobani. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akafungua kibahasha, akaanza na barua ya kwanza.