Siku Niliyobeba Mayai ya Mama Violet Tumboni

Kuna wanawake hapa Kakamega ambao hadi leo wakikutana na mimi sokoni macho yao hushuka kwanza hadi tumboni, halafu ndipo yanapanda usoni kunisalimia, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu walichokiona siku ile hata mimi ningekuwa nimeketi upande wao ningekuwa ninakisimulia mpaka sasa. Basi wacha nikisimulie mwenyewe, maana habari inayozunguka mtaani kwetu Amalemba imetiwa chumvi nyingi, ati nilizaa kuku ukumbini. Sikuzaa kuku. (Ingawa ukiwauliza waliokuwa wameketi nyuma watakuapia kwamba walinishuhudia.)

Mimi ni Jentrix, au Mama Tracy, na kazi yangu ni kuangulia watu mayai. Unaniletea mayai, nayaweka kwenye mashine ya stima, tunaiita inkubeta, kisha unakuja kuchukua vifaranga. Mashine iko kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ninayokodi Amalemba. Tracy yuko shule ya bweni, na mume wangu Wycliffe ni dereva huko Qatar, wakati huo alikuwa anakaribia kumaliza mwaka wa pili bila kurudi nyumbani, na naomba hilo ulikumbuke kwa sababu ukumbi mzima ulilikumbuka.

Sasa, kazi hii adui yake ni gharama. Stima, maji, dawa, usafiri, ukiangalia mwisho wa mwezi unaona wewe ndiwe kibarua na mashine ndiyo tajiri. Nikaanza kutafuta njia ya kupunguza, na jioni moja nikamwona kwenye simu kijana mmoja aliyevaa suti akifundisha biashara, akasema kila kitu kinachokaa tu bila kufanya kazi kinakula faida yako, kitoe leo. Nikainua macho nikaangalia chumba, na kilichokuwa kinakaa tu bila kufanya kazi, kimefunikwa gunia pale pembeni, ilikuwa jenereta. Stima ilikuwa imetulia kwa muda mrefu (mambo ya kujitafutia laana, kusema hivyo hapa kwetu), na hiyo jenereta nilikuwa naiwashanga kila wiki ili isigome tu, inakunywa petroli, inataka oili, inataka fundi, yote ya bure. Nikaiuza kwa Mzee Shaban wa Mumias, anayekodisha vyombo vya muziki kwenye harusi na matanga. Aliniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia mimi sasa naendesha biashara kisasa.

Na kweli mwezi ule faida ikaonekana, nami mdomo ukaniwasha. Kwenye chama chetu cha akina mama nikaeleza jinsi nilivyokata gharama mpaka mwenyekiti wetu, Mama Violet, mwanamke mwenye sauti ya kutosha kuongoza nchi, akaamua kwamba siku ya mkutano mkubwa, ambapo vyama vya Mukumu na Mayoni vingekuja kututembelea, mimi ndiye nitakayefundisha kupunguza gharama za biashara. Mama mkwe wangu, mkulima wa miwa huko Mayoni, akasikia na kusema lazima aje amwone mkaza mwanawe akishika maikrofoni.

Asubuhi ya mkutano nikaamka nikakuta stima imepotea.

Nikangoja irudi. Nikapiga simu ofisi ya stima, wakaniambia kuna nguzo imeanguka, niwe mvumilivu. Mimi ningevumilia, lakini mayai hayana tabia hiyo. Mengi yalikuwa bado machanga, hayo nikayafunika kwa blanketi na chupa za maji moto nikayaombea. Shida ilikuwa trei moja ya mayai ishirini na kitu yaliyokuwa tayari kuanguliwa, mengine yameshaanza kupasuka nyufa na ukiweka sikio unasikia vitu vinalalamika ndani. Na trei hiyo, katika trei zote za dunia, ilikuwa ya nyumbani kwa Mama Violet. Mume wake, mwalimu mstaafu, aliniletea mwenyewe jioni moja mke akiwa ameenda kumtunza dada yake hospitalini Mukumu. Kuku wa Mama Violet walikuwa wamekufa wote kwa ugonjwa, akalia kama mtu aliyefiwa, basi Mwalimu akatafuta mayai ya kuku wa kienyeji wale wakubwa huko kwao ili amshangaze, akanisihi nisimwambie mke wake chochote.

Nikampigia Mzee Shaban. Tukasalimiana kwa heshima zote, asalaam aleikum, waaleikum salaam, halafu nikamwomba anikodishie jenereta, yaani ile yangu. Akanijibu kwa masikitiko kwamba siku hiyo imeshachukuliwa, ana shughuli ya akina mama hapo mjini. Sikumuuliza akina mama gani.

Jiko la makaa nililiogopa kwa sababu ya moshi. Saa zilikuwa zinaenda. Nikayagusa mayai nikaona yanaanza kupoa, na hapo ndipo akili yangu, ambayo siku zote huwa inafanya kazi vizuri, ikaniuliza kuku ana nini ambacho mimi sina. Joto ninalo. Nikatoa soksi zangu ndefu, zile nyepesi za kuvaa na sketi, nikayapanga mayai humo moja baada ya lingine, nikajizungushia tumboni, nikafunga leso juu yake, na leso nyingine, nikavaa gauni pana na koti. Nikajiangalia kwenye kioo, nikaona niko sawa. (Kioo changu ni kile kidogo cha ukutani, kinaishia mabegani.)

Bodaboda sikuthubutu, barabara yetu ingeniacha na kimanda. Nikatembea polepole mpaka ukumbini, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukishikilia chini, na mtu yeyote aliyenisalimia njiani alinisalimia kwa sauti ya chini sana. Nilidhani wananiheshimu kwa sababu naenda kufundisha.

Nje ya ukumbi, chini ya dirisha, nikakuta jenereta yangu ikinguruma. Mzee Shaban alikuwa kando yake akipanga nyaya za spika, akaniona, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, kisha akainamisha macho akasema Mungu anijalie wepesi. Nikamshukuru. Kumbe wale akina mama wa mjini ndio sisi, mkutano wangu mwenyewe ndio umeninyima jenereta yangu.

Ndani, mama mkwe alikuwa safu ya mbele kabisa na wenzake wa Mayoni. Akainuka kwa furaha kunipa mkono, na mkono ukaishia hewani.

“Mama Tracy,” akasema, “kwani Wycliffe alikuja lini?”

“Bado, Mama. Labda Desemba.”

Akaketi taratibu, akafungua mkoba akatoa simu yake. Nikasema moyoni, maskini, amemkumbuka kijana wake. Kumbe wakati nikitafuta pahali pa kuegemea (kuketi sikuweza, ungesikia mlio), habari ilikuwa inasafiri kuelekea Qatar. Mwanamke mmoja wa Mukumu nisiyemjua akaniletea uji kikombe kizima na kuniambia ninywe, nitahitaji nguvu. Nikanywa. Nilikuwa sijala kitu.

Halafu Mama Violet akaja. Akanivuta pembeni kwa upole usio wake, akaniwekea kiganja kwenye tumbo juu ya koti, na nikahisi yai moja likijigeuza pale pale chini ya kiganja chake. Nikajua nimepatikana. Amegusa mayai, ameyatambua, siri ya Mwalimu imeisha.

“Jentrix,” akasema, “hii ni ya nani?”

Sasa nyinyi mnajua Kiswahili chetu cha hapa. Mayai ni hii. Mimba pia ni hii. Nikaona hakuna haja ya kumdanganya mwanamke mzima.

“Ni ya kwako, Mama Violet. Ya hapo kwako nyumbani.”

“Kwangu?”

“Mwalimu ndiye aliniletea, ile jioni ulikuwa kwa dada yako Mukumu. Aliniomba nikunyamazie kwanza. Pole, nilitaka ujue ikishatoka salama.”

Akaondoa kiganja chake. Akazunguka akarudi mbele, na mimi nikabaki nikifikiri kwamba ameguswa sana na upendo wa mumewe. Kweli alikuwa ameguswa. Alishika maikrofoni, akatangaza jina langu kama karani wa mahakama anayemwita mshtakiwa, akaniachia jukwaa.

Nikafundisha. Na nilifundisha vizuri, wacha niseme, nikiwa nimesimama wima kama nguzo, nikawaambia wasinunue vitu kwa kufuata majirani, wanunue chakula cha kuku pamoja ili kupunguza usafiri, halafu nikafika kwenye mfano wangu mkubwa. Nikasema kuna vitu tunaviweka tukidhani vinatusaidia, kumbe vinatunyonya. Nikasema mimi nilikuwa na jenereta. Nikasema nikaitoa, na sijawahi kuihitaji tangu siku hiyo. Hapo nikaona watu hawaniangalii usoni, ukumbi wote unaangalia mahali pamoja, na Mama Violet amesimama katikati ya viti.

“Kabla uendelee,” akasema, na hakuhitaji maikrofoni, “ambia hawa wamama vile uliniambia. Hiyo umebeba ni ya mzee yangu ama si ya mzee yangu?”

Ni wakati huo, na si dakika moja kabla, nilipoangalia chini nikaona nilivyo. Nikaona tumbo. Nikakumbuka Qatar, uji, wepesi wa Mzee Shaban, simu ya mama mkwe, na lile jibu langu kuhusu ile jioni, lote, neno kwa neno. Nilitaka kusema ni mayai. Kabla sijaanza, maikrofoni nikiwa nimeishusha kwa mshtuko mpaka usawa wa tumbo, spika zote mbili za Mzee Shaban zikasema: piu. Piu, piu, piu.

Bibi mmoja wa safu ya pili akaanza kusali kwa Kiluhya. Wengine wakasukuma viti nyuma. Mama mkwe wangu peke yake ndiye alikuja mbele, akanikazia macho, akaniambia kwa sauti ndogo nivue koti.

Nikavua. Nikafungua leso ya kwanza, nikafungua ya pili, nikaanza kujizungusha pale mbele ya watu huku yeye akishikilia ncha ya soksi, kama anayekunja uzi, mpaka yote yakawa mezani kati ya chupa za maji ya wageni: mayai, maganda, na kifaranga kimoja kimelowa chepechepe kimetoa kichwa kwenye soksi yangu kinaangalia ukumbi.

“Kwa hivyo ni mayai,” Mama Violet akasema.

“Ni mayai.”

“Ya Mwalimu.”

“Alitaka kukushangaza. Ulilia sana wale wengine walipokufa.”

Akaketi kwenye kiti cha karibu akajifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka, nami nikaenda kumwomba msamaha nikidhani analia, kumbe anacheka mpaka hawezi kupumua, na ukumbi wote ukaenda naye. Mzee Shaban, aliyekuwa anachungulia dirishani, hakucheka. Aliingia na katoni, akafunga balbu humo kwa waya kutoka kwenye jenereta, tukayaweka mayai kwenye joto, na mkutano wa vyama vitatu ukahamia kuzunguka ile katoni. Hakuna aliyetaka tena kusikia habari za gharama, isipokuwa mama mmoja wa Mayoni aliyeinua mkono kwa adabu kuuliza kama hiyo inayonguruma hapo nje ndiyo ile jenereta ambayo sijawahi kuihitaji. Nikamwambia ndiyo. Akaandika.

Wycliffe alinipigia kwa video tukiwa bado hapo, macho mekundu, ameegesha lori kando ya barabara jangwani. Nikamwinulia kifaranga mbele ya simu. Akakitazama, akauliza, “Jentrix, hiyo ndiyo Mama amesema si yangu?” Mama mkwe akaninyang'anya simu akaenda nje kujieleza, na alipokaa sana huko nikajua kwamba kwa mara ya kwanza tangu niolewe ni yeye ndiye alikuwa anatafuta maneno.

Vifaranga wengi walitoka wazima. Yale mayai machanga nyumbani sikuyaokoa, na wateja wake ilibidi niwaangulie upya kwa gharama yangu, kitu ambacho yule kijana wa suti hakukitaja. Mwalimu naye, naambiwa, jioni ile mke wake alimwacha ajieleze kabisa kuhusu ziara zake kwangu, kwa muda mrefu, kabla ya kumwonyesha katoni.

Jenereta nimenunua nyingine, ndogo. Inakaa tu pale bila kazi, inakunywa petroli yangu, na kila wiki nikiiwasha ninaumia kidogo. Bado napunguza gharama, msidhani nimeacha, lakini sasa kabla sijatoa kitu najiuliza siku kisipokuwepo ni nani atafanya kazi yake, na jibu likiwa ni mimi, ninakiacha pale pale kilipo.