Mwalimu Klachi na Gari Lisilo na Klachi

Dada yangu alikuwa akiapa kwamba siku akistaafu atanunua gari la spoti, na sisi wote tulikuwa tunamcheka. Si kwa ubaya. Ni kwamba maisha yake yote ya kazi aliyamaliza ndani ya kigari cha shule ya udereva, chenye kibao juu ya paa na mwendo wa mtu anayetafuta hereni iliyomdondoka. Gia ya tatu kwake ilikuwa sikukuu. Alikaa kiti cha pembeni, mguu wa kushoto juu ya klachi ya pili, ile ya mwalimu, tayari kumwokoa mwanafunzi, ukuta au mbwa wa watu.

"Klachi! Klachi! Nimesema klachi!"

Hiyo sauti ndiyo iliyompa jina. Mji mzima unamwita Mwalimu Klachi, na sidhani kama wengi wanajua kwamba ana jina jingine. Mimi ni mdogo wake, msusi. Saluni yangu ina dirisha moja tu, na dirisha lenyewe linatazama uwanja wa mazoezi wa shule yao, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi nimesuka vichwa vya watu huku nikisikiliza somo la udereva. Kuendesha sijui. Alijaribu kunifundisha zamani, nikagonga geti la shule, tena geti lililokuwa wazi, akaniambia shuka, nenda kasuke. Lakini somo lote ninalo kichwani, na kelele zake zote.

Basi akastaafu. Wakampa saa ya ukutani na maua ya plastiki. Siku iliyofuata huyo hapo mlangoni kwangu, amevaa viatu vya raba, anapumua kama aliyekimbizwa.

"Mdogo wangu, twende yadi. Yamefika mawili!"

"Huoni nina kichwa cha watu hapa?"

"Kichwa kitamaliziwa na mwenzako. Twende!"

Akiniita mdogo wangu ujue ana furaha. Akiwa na hasira mimi ni "wewe". Nikavua aproni.

Yadi ya magari yaliyotumika ni ya bwana mmoja mwenye kitambi na kofia ya kapelo ambaye dada alimfundisha udereva enzi hizo. Kila alipojaribu kuondoka, gari lilimzimikia, na dada akambatiza Zimazima. Sasa ana magari uwanja mzima, ana wafanyakazi, watu wanamwita bosi, lakini alipomwona dada alitoa mikono mifukoni na kusimama wima. Woga wa mwalimu hauishi, jamani.

Magari yalikuwa ya aina moja, mapacha, mafupi mpaka unayavaa badala ya kuyapanda. Moja la bluu, jingine la kijivu. Bei ilikuwa sawa, kwa hiyo tatizo halikuwa pesa.

"La bluu ni gia za mkono, Mwalimu," Zimazima akaeleza. "La kijivu halina klachi ya kukanyaga. Gia unabadilisha kwa vidole. Unaona hivi vibao viwili nyuma ya usukani? Ukivuta cha kulia unapanda gia, ukivuta cha kushoto unashuka."

Dada akavitazama vile vibao kama anayeonyeshwa meno ya bandia.

"Vidole? Kwani mimi napiga kinanda?"

"Ndiyo mambo ya kisasa, Mwalimu."

"Mambo ya kisasa, sawa. Mwalimu Klachi ndani ya gari lisilo na klachi! Watu niliowafelisha mji huu watanicheka mpaka mbavu ziwaume. Lete funguo za bluu."

Sasa hapa niseme jambo ambalo dada alidhani silijui. Goti lake la kushoto limekwisha. Ngazi anashuka kiubavu, anashika ukuta, ukimuuliza anasema nimelalia vibaya. Soksi ya kubana goti anaifua mwenyewe usiku na kuianika nyuma ya taulo, nami taulo ni langu, ninalianua mimi. Goti lile limekanyaga klachi za maisha mawili, ya kwake na ya wanafunzi wake wote, na sasa linaomba ruhusa. Akinunua la bluu ataendesha mwezi, labda miwili, goti litagoma, gari litafunikwa turubai, naye atakaa sebuleni kutazama saa yake ya ukutani. Nilikuwa naogopa hilo kuliko kitu chochote. Namjua dada yangu. Bila usukani atazeeka kwa wiki.

Lakini utamwambiaje mtu kama yule? Nikapanda nyuma.

Kiti cha nyuma cha gari la spoti, ndugu zangu, ni maneno tu. Nilikunjwa humo magoti kidevuni, shingo upande, na Zimazima akakaa mbele na kitambi chake. Dada akawasha. Loo! Uso wake ulibadilika papo hapo. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na tulipofika barabara pana akatia ya nne na kupiga ukelele, "Ya nne, mdogo wangu! Umeiona ya nne?" Akaanza hata kuimba. Nikajisemea moyoni, labda mimi ndiye mchawi hapa, labda goti litavumilia.

Tukakata kona, tukakutana na kilima cha tangi la maji. Kila aliyefanya mtihani wa udereva mji huu anakifahamu kile kilima, maana hapo ndipo dada alipokuwa anawasimamisha watu katikati ya mwinuko na kuwaambia, haya, ondoka bila kurudi nyuma. Wengi walilia pale. Siku hiyo mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga, likasimama, foleni ikasimama, na dada akabaki amekanyaga klachi akisubiri.

Tukasubiri sana. Kutoka nyuma nikaona mkono wake wa kushoto unatoka kwenye gia na kwenda kushika goti. Goti lilikuwa linatetemeka. Lori likaondoka. Dada akaachia klachi, mguu ukamruka, gari likashtuka na kuzimika. Akawasha tena, likazimika tena. Nyuma honi zikaanza, gari likaanza kurudi, na Zimazima akavuta breki ya mkono.

Dada akatazama mbele tu.

"Nimefeli," akasema.

Taratibu kabisa, kama anavyowaambia wanafunzi. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa nimekunjwa, mkono wangu mmoja tu ndio uliokuwa huru, nikamshika bega. Niliumia jamani, sina la kuficha. Na yule Zimazima, ambaye angeweza kulipiza jina lake siku ile akalala kwa raha, alivua kofia tu na kujikuna.

"Kilima hiki kina roho mbaya, Mwalimu," akasema. "Mimi nakijua. Hebu nipishe hapo."

Zimazima akaturudisha yadi. Tuliposhuka dada akaanza kukung'uta suruali yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Sinunui kitu. Magari ya vijana haya. Wewe, twende zetu."

Hapo ndipo nilipolipuka. Mimi huwa nachelewa kulipuka, lakini nikilipuka majirani wanafunga madirisha.

"Twende wapi? Ukakae? Goti lako nalijua! Soksi unaianika nyuma ya taulo langu, unadhani mimi kipofu? Unashuka ngazi kama kaa, halafu unaniambia umelalia vibaya! Kila usiku unalalia vibaya? Nenda basi ukakae, lakini usije saluni kwangu kunifundisha kusuka, maana utakuja, nakujua!"

Wafanyakazi wa yadi wakajifanya wanafuta vioo.

"Nani mwingine anajua?" dada akauliza.

"Na sisi hapa," Zimazima akasema polepole. "Ila sisi hatujaona kitu. Mwalimu, naomba nikwambie jambo moja. La kijivu lina klachi."

"Si umesema halina?"

"Ya kukanyaga ndiyo haipo. Ndani zimo, tena mbili, zinajikanyaga zenyewe. Moja inashika gia uliyomo, ya pili inakaa tayari na gia inayofuata. Ukivuta kibao tu, zinapokezana."

Dada akainua kichwa.

"Mbili? Ya pili imekaa tayari tu?"

"Muda wote."

"Kama mwanafunzi na mwalimu wake," akasema, na kwa mara ya kwanza akaenda mwenyewe kulishika lile la kijivu kwenye boneti.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Dada akaingia, akawasha, tukatoka getini vizuri. Mwendo ulipopanda akataka kubadilisha gia, na mguu wa kushoto, bila kumuuliza mtu, ukanyanyuka na kwenda kukanyaga klachi. Klachi haipo. Kilichopo ni breki, tena pana kama sahani ya kuandalia. Ukaikanyaga kwa nguvu zote za mtu aliyekanyaga klachi maisha yake yote. Paji langu la uso likagonga kiti cha mbele, kofia ya Zimazima ikatua kwenye dashibodi.

"Gari bovu hili!"

"Gari zima, dada. Mguu wako ndio haujaambiwa kwamba umestaafu."

Akajaribu tena, tukagonga vichwa tena. Mara ya tatu Zimazima akashika kofia yake kabla. Nikaona mikono ya dada inaanza kulegea kwenye usukani, na ule uso wa kule kilimani unarudi. La, nikasema, leo hapana.

"Bosi, utuendeshe mpaka uwanja wa mazoezi. Halafu wewe unakaa nyuma, mimi nakaa mbele."

"Wewe ukae mbele ufanye nini?" dada akauliza.

"Nikufundishe."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakukataa.

Basi Zimazima na kitambi chake akakunjwa nyuma, nami nikakaa kiti cha mwalimu. Dirishani pa saluni yangu wakajazana: mwenzangu, wateja, mmoja na mafuta kichwani yanamchuruzika. Nikakohoa, nikatoa ile sauti.

"Kiti! Kioo! Mkanda! Nimesema kioo, unatazama nini, uzuri wako?"

Dada akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Macho mbele! Mguu wa kushoto uko wapi?"

"Uko hapa."

"Hapa wapi? Urudishe nyuma kabisa, ulaze. Mguu huo umepewa saa na maua, hauna kazi tena hapa. Ondoka!"

Tukaondoka. Mguu ukanyanyuka. "Lala!" nikapiga kelele, ukalala. Tukazunguka uwanja. Ukanyanyuka tena, kidogo. "Nimesema lala! Wewe ni mwanafunzi wa namna gani? Nani alikufundisha wewe?" Na dada yangu, Mwalimu Klachi mwenyewe, akasema, "Samahani, Mwalimu," kwa sauti ya mtoto wa shule. Nikajiuma mdomo nisicheke. Tulizunguka mpaka wateja wakachoka wakarudi kwenye viti vyao. Kidole cha kulia kikajua kazi yake, cha kushoto kikajua, na mguu ule ukatulia pembeni, haushtuki tena.

"Sasa kilimani," nikasema.

"Leo?"

"Unabishana na mwalimu?"

Tulipofika katikati ya kilima, kama vile limekodiwa kwa ajili yetu, gari la taka likasimama mbele yetu. Foleni ikasimama. Nikamtazama dada. Breki ameishika kwa mguu wa kulia. Mkono wa kushoto upo kwenye usukani, haukushuka kwenda gotini.

Gari la taka likaondoka. Dada akahamisha mguu wa kulia, akagusa mafuta. Gari halikurudi hata kidogo. Likapanda, akavuta kibao cha kulia, tukasikia gia imepokelewa huko chini, akavuta tena, tukapita tangi la maji, tukafika juu. Akaegesha pembeni kwa adabu zote, taa ya ishara, kioo, kila kitu. Kisha akakaa ameshika usukani, ananisubiri.

Nikaelewa anasubiri nini. Maneno yale aliyasema yeye kwa watu wa mji mzima, madereva wa mabasi, manesi, mpaka huyu bosi wa yadi, na baada ya kuyasema alishuka na kwenda kumchukua mwanafunzi mwingine. Tangu apate leseni yake, hakuna aliyewahi kumwambia yeye.

"Umefaulu," nikasema.

Akanitegea sikio.

"Rudia. Sijasikia vizuri."

"Umefaulu, Mwalimu."

Akalia, akacheka, akajifuta kwa kiganja. Nyuma huko Zimazima alikuwa anapiga makofi na viwiko tu, maana mikono haikuwa na nafasi ya kunyooka.

"Zimazima, nalichukua," dada akasema. Kisha akanigeukia, macho bado mekundu, na nikaiona ile sura ya mwalimu inarudi mahali pake. "Na wewe, mdogo wangu, kesho kabla hujafungua saluni, uwanjani. Gari halina klachi. Sasa huna kisingizio."

"Na lile geti?"

"Geti liko wazi," akasema. "Siku ile pia lilikuwa wazi."